Dirisha la saa tisa ya usiku

Ile siku nilidondosha jasho juu ya nguo ya arusi ya watu ndo nilijua mambo yangu yameharibika. Satini nyeupe, ya dada mmoja wa Nyawera, arusi ni Jumamosi na sisi tuko Alhamisi, nimepiga magoti pale chini napanga pini kwenye upindo, mvua ya Novemba inapiga mabati na baridi ya Bukavu, huku mashariki ya Kongo, unaijua vile inaingiaka mpaka kwenye mifupa. Mara nikasikia moto. Ulianzia kifuani, ukapanda shingo, ukafika masikioni, kama mtu amenifungulia mlango wa tanuru la mikate mbele ya sura, na kabla sijakamata kitambaa matone matatu yalishaanguka pale mbele kwenye tumbo la nguo. Satini haisamehe maji, kila fundi anajua. Dada akaniangalia, mama yake akaniangalia. "Papa fundi, uko mugonjwa? Ni malaria?" Nikasema ndiyo, malaria. Mwezi ule ilikuwa malaria yangu ya nne.

Mi ni fundi wa kushona, niko na miaka 66, mashini mbili na mwanafunzi mmoja hapa Kadutu, si mbali na soko. Ugonjwa wenyewe sitauongelea sana. Kwa kifupi, 2023 nilianza kuamka usiku mara tano kwenda kukojoa, nikasema ni uzee, kila mzee ninayemjua anaamkaka, nikakaa hivyo miezi mpaka binti yangu akanisukuma kwenye labo, PSA, kipimo cha damu cha prostati, ile tezi dume, ikatoka 64 wakati munganga, yaani daktari, alikuwa anategemea isipite 4, wakakata vipande vidogo vya nyama wakavipima, wakaangalia na mifupa, ikaonekana ni kanseri ya prostati, ya ile yenye hasira, ila haijahama nyumba yake. Baadaye nilienda Kigali kupigwa mionzi siku ishirini, hiyo ni hadithi nyingine na nitaiandika nikipata nguvu. Kanseri yenyewe nilikuwa nimejipanga nayo, karatasi za kiwanja nilishaweka sawa, na padri tulishaongea. Kitu sikujipanga nacho ni dawa.

Munganga wa upasuaji aliniwekea njia mbili mezani. Alisema kanseri ya prostati inakula testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa sanasana kwenye mapumbu, ukiikatia hiyo inakosa chakula inasinyaa, na si jambo la jana, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha hivyo kule Chicago tangu 1941 na Huggins akapewa Nobel mwaka 1966. Njia ya kwanza ni kisu, wanatoa mapumbu mara moja, unarudi nyumbani, hulipi tena. Ya pili ni sindano kila miezi mitatu, kwangu miaka mitatu, na bei ya sindano moja ningepata cherehani ya mguu, iliyotumika lakini nzima. Sikufikiri hata dakika. Nikasema sindano, watoto watachanga, na kweli walichanga, na yule wa Kolwezi alichanga kuliko wote maskini. Mi nilijiona nimechagua kubaki mwanaume. Kumbe njia zote mbili zinakushusha kwenye kituo kimoja, testosteroni inaanguka mpaka kiwango cha mtu aliyekatwa, tofauti ni kwamba kwenye sindano mlango haujapigwa misumari, siku ukiacha homoni inaweza kurudi, polepole, miezi na miezi, na kwa wazee wengine hairudi yote.

Tena hiyo sindano vile inafanya kazi inachekesha kidogo. Wanasukuma kipande kidogo chini ya ngozi ya tumbo, kinayeyuka polepole. Ndani ya kichwa kuna tezi inayopokea amri ya kuamsha mapumbu, kawaida amri inakuja kwa vipindi, inapiga hodi, inanyamaza, inapiga tena. Dawa yenyewe inapiga hodi bila kupumzika, mchana na usiku. Siku za kwanza mwenye nyumba anaruka anafungua, testosteroni inapanda kwanza badala ya kushuka, ndo maana nilipewa vidonge vya bikalutamidi vya kunilinda zile wiki za mwanzo. Halafu mwenye nyumba anachoshwa na huyo mgeni, anazima taa, anajifanya hayuko. Wiki tatu nne hivi nyumba nzima giza.

Kuhusu yatakayonipata, munganga alisema sentensi moja. "Utasikia kajoto kidogo." Simlaumu sana, nje foleni ilikuwa mpaka kwenye ngazi na yeye alikuwa peke yake. Lakini kajoto! Mara kumi na mbili kwa siku, nilihesabu, nilikuwa nachora mistari kwa chaki ya kukatia kitambaa ukutani nyuma ya mashini. Na ya usiku ndo mabaya kuliko yote, unaamka umelowa kama mtu aliyevuliwa ziwani, dakika tano baadaye jasho linapoa na sasa unatetemeka.

Nikaanza kuficha. Nilikuwa naamka kimya naenda kubadilisha singlendi, nafua ile iliyolowa kwenye beseni nyuma ya nyumba, usiku wa manane, mzee mzima, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Na kile kingine, mnakielewa, kilikuwa kimekufa. Hapa wanaume wenzangu wanisikilize vizuri maana watu wanachanganya. Mi nilidhani nitapungukiwa nguvu, hiyo angalau kila mtu anaiogopa, ina utani wake na ina wachuuzi wake. Kumbe kilichoondoka ni hamu. Unamwangalia bibi yako unamuona ni mzuri, unajua kabisa ni mzuri, kama vile unajua mlima Kahuzi ni mrefu, na hakuna kitu kinachosogea ndani. Hata huzuni ya kukikosa haikuwepo mwanzoni. Nilikuwa nimesahau njaa yenyewe.

Kwa hiyo jihesabie, mwanaume hagusi bibi yake, anaamka usiku, anafua nguo kwa siri, simu anaigeuza chini (hiyo ilikuwa mwangaza tu unanisumbua). Miezi mitatu hivyo. Usiku mmoja wa Desemba, saa tisa, nimerudi kutoka kwenye beseni nakuta mama watoto amekaa kitandani, taa ya simu inawaka.

"Papa. Nani huyo?"

"Nani gani?"

"Uko na biro ya pili. Sema tu, mi sitapiga kelele, batoto balishakuwa bakubwa."

Biro ya pili, kwa wasiokuwa wa kwetu, ni mwanamke wa pembeni. Mimi! Na hali ile! Nilitaka kucheka na nikashindwa, na pale pale moto ukapanda, ukanikuta nimesimama na singlendi kavu mkononi, jasho likaanza kutiririka mbele ya macho yake, nikaenda dirishani nikasukuma ubao, mvua ikaingia ndani, nikaweka kichwa nje. Sikusema neno. Nikasikia nyuma yangu amenyamaza, halafu akasema, na sauti imebadilika kabisa:

"Hii kitu naijua."

Akaja akasimama karibu, akanishika nyuma ya shingo, mkono wake baridi. "Inaanziaka hapa kifuani? Halafu inapanda? Halafu baridi? Papa, njo ile ilinikamataka ule mwaka nilikuwa naacha kuona mwezi. Na weye ulinichekaka."

Ni kweli nilicheka. Miaka nane nyuma huyu mama alikuwa anafungua dirisha hilohilo saa hizohizo na mi navuta blanketi nalalamika, na sikuishia hapo, siku moja shemeji zangu wamekuja kutoka Walungu, tunakula, nikasema mbele yao wote huyu dada yenu anataka kutuua na baridi, amekuwa radiatori ya lori la Fuso. Watu wakacheka. Naye akacheka, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Sikufikiria tena kuhusu hilo mpaka usiku ule nimeweka kichwa nje kwenye mvua.

Nikamwambia yote, kuhusu sindano, kuhusu mapumbu ambayo kwa kweli yamesinyaa, kuhusu hamu. Aliuliza swali moja tu, kama ni mimi nimeomba hiyo dawa ama ni wao walichagua. Nikasema ni mimi. Akasema sawa, basi sasa utafundishwa.

Na nilifundishwa kweli. Nimeongea na waganga watatu tangu wakati ule, wote wazuri kwa namna yao, lakini kwa mambo ya moto mwalimu wangu ni bibi yangu, na ushauri wake ndo ninaoupitisha kwa wengine. Kwanza, blanketi mbili ndogo, kila mtu na yake, si moja kubwa, kitu rahisi hivyo na hakuna aliyeniambia. Taulo kavu chini ya mto. Kitenge cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kwenye kiti karibu, unakipitisha shingoni na mikononi mara tu ukisikia inakuja, maana inapigaka hodi kidogo kabla, kama sekunde kumi za wasiwasi usio na sababu, ukizijua hizo sekunde umeshinda nusu. Nguo juu ya nguo, nyembamba nyembamba, unavua moja unabaki na nyingine. Mi fundi kabisa nilikuwa nalala na pijama ya poliesta niliyoishona mwenyewe, eti inang'aa! Poliesta inafunga jasho kama mfuko wa plastiki, kila siku nawaambia wateja, na mimi nalala ndani yake. Niliikata nikaifanya vitambaa vya kufutia mashini.

Halafu akaniambia niandike nini kilitangulia kila moto. Kile kidaftari kilitoa aibu yangu yote nje: chai ya moto sana, moto. Pilipili kwenye samaki, moto. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kikombe kimoja kwa jirani, moto mara mbili. Kola iliyobana. Kugombana na mteja anayedai nguo siku ambayo hatukukubaliana. Pilipili nimeacha, chai nangoja ipoe, kasiksi napokea kikombe kwa heshima na kukishika. Wateja siwezi kuwaacha. Kwa njia hiyo kumi na mbili zikawa saba nane kwa siku, bila dawa yoyote.

Zile saba zilizobaki nilimpelekea munganga mwingine, kijana, mwenye kusikiliza, akaniandikia medroksiprogesteroni, miligramu 20 kwa siku, wiki kumi kisha tuangalie. Nikaenda farmasi. Kijana anasoma ordonansi, anasoma tena, ananiangalia kwa upole. "Papa, hii ni ya mama? Maana njo dawa iko ndani ya ile sindano ya planing, umuambie asikosee siku." Planing ni uzazi wa mpango. Nyuma yangu kuna foleni, watu sita hivi, na mmoja ni katekista wa kwetu. Ningeweza kusema ndiyo ni ya mama, mdomo ulishafunguka. Nikasema ni yangu. Foleni yote ikanyamaza, unasikia feni tu. Kijana akageuka mwekundu, kama mweusi anaweza kugeuka hivyo, akahesabu vidonge mara tatu. Wiki ya nne hivi moto ulikuwa umeshuka mpaka mara mbili tatu, mwepesi, wa kupita. Munganga alinieleza pia kuna dawa nyingine inaitwa venlafaksini, ya watu wenye huzuni nzito, inapunguza moto vilevile, ila kila moja na kasoro zake na yeye ndiye wa kuchagua, msiende farmasi na blogu yangu mkononi tafadhali.

Sasa tuje kwenye metre, hapo ndo niko nyumbani.

Fundi hajipimi. Najua kifua na kiuno cha nusu ya Kadutu lakini changu nilikuwa nimekiandika mara ya mwisho kwenye arusi ya binti yangu. Machi 2024 suruali ikakataa kufunga, nikafikiri mwanafunzi ameipunguza kwa makosa, nikamgombeza bure. Nikachukua metre. Kiuno 88 kilikuwa 97. Kifua, kwenye chuchu, kimeongezeka sentimita tatu, na si misuli maana mikono imepungua, hii ya kulia inayokata kitambaa miaka arobaini imepungua sentimita mbili na nusu. Nikakaa na zile namba kwenye karatasi. Nikiletewa vipimo hivyo bila jina ningesema huyu ni mama wa makamo, nimkatie na pensi mbili, ile mikunjo ya kushonwa, kwenye kifua. Ukigusa, chini ya chuchu kuna kidude kigumu kinachouma kidogo. Munganga alisema wengine wanapataka zaidi, hasa wale wanaokaa muda mrefu kwenye vile vidonge vya bikalutamidi peke yake, na kwamba kuna dawa na hata mionzi kidogo ya kuzuia lakini inasaidia zaidi mwanzoni. Kwangu ilishapita mwanzoni. Nikajikatia shati: bega limeshuka sentimita moja, mifuko miwili mikubwa kifuani yenye kifuniko, doblire, kitambaa cha ndani, nyepesi ya pamba mbele tu, chini haichomekwi. Mifuko inavunja umbo, jicho linakamata mfuko, halikamati kifua. Nimeshona sita za aina hiyo. Wateja wananiuliza ni modeli gani.

Kiuno na mikono havifichwi na shati, na hapo munganga kijana alikuwa mkali. Homoni ikiondoka nyama inapungua, mafuta yanaongezeka, sukari inapenda kupanda, moyo unapata kazi, mifupa inakonda ndani bila kusema. Uchovu nao, ule uchovu usioponywa na usingizi, akasema dawa yake ni kazi ya misuli. Nilimwona kama ananitania, mtu amechoka unamwambia abebe vitu? Lakini nilianza. Nina pasi mbili za makaa za zamani, chuma kizito cha kweli, bila makaa ndani. Asubuhi kabla mwanafunzi hajafika nazinyanyua, moja kila mkono, kumi na mbili, napumzika, tena, mara tatu. Nasukuma ukuta. Nakaa kwenye kiti cha mashini nasimama bila kushika kitu, kumi, mwanzoni nilishindwa ya sita nikabaki nimekaa pale nacheka peke yangu. Na mji wetu si unajua, hakuna haja ya kulipia jimu, ukiishi Kadutu kila kwenda popote ni mlima. Zamani nilikuwa nachukua pikipiki hata kwenda Nyamugo tu, hapa karibu. Sasa napanda kwa miguu, polepole, natembea na fimbo siku za mvua maana ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na mfupa uliokonda ukivunjika kwenye nyonga, mzee anaweza asitoke tena kitandani. Huo ndo woga wangu wa kweli sasa, kuteleza, kanseri sasa naiogopa kidogo tu.

Kwa mifupa aliniambia kalisi, ile kalsiamu, kati ya miligramu 1000 na 1200 kwa siku na jua la kutosha. Nikamuuliza kalisi ni duka gani. Akasema ni sambaza, mzee, kula na mifupa yake na kichwa chake. Hapo nilifurahi. Sambaza zilizokaangwa, unazitafuna zima, na kikombe cha mashanza, maziwa ya mgando, pembeni, hiyo si dawa hiyo ni Jumapili. Halafu fikiria, hao samaki hawakuwa wa hapa, walitolewa Tanganyika wakawekwa ziwa letu Kivu mwishoni mwa miaka ya hamsini, mi nimezaliwa wao ndo wanafika fika. Tumezeeka pamoja. Bugali nimeupunguza kwa nusu ngumi, hiyo inauma kuliko sindano. Leo kiuno ni 93. Mkono umerudisha sentimita moja. Nimeandika tarehe.

Kichwa. Hapa nitapita haraka kwa sababu sipendi pahali hapa. Nalia. Mi niliyezika baba, mama na mdogo wangu bila kutoa sauti, nalia kwa kwaya ya watoto redioni, nalia nikiona mtu anashusha gunia la mtu mwingine kumsaidia. Mara ya kwanza nilikuwa juu ya mashini, mwanafunzi akafunga duka akakimbia kumuita mama, alifikiri nimepigiwa simu ya msiba. Na nasahau. Fundi anayesahau namba ni hatari, unapima bega 44 unageuka kuchukua chaki, imeondoka. Sasa naandika kabla ya kuachilia metre, na mteja nampa asome namba aseme kwa sauti, nimewaambia ni utaratibu mpya. Huzuni ikikaa wiki mbili zaidi bila kutoka, nenda useme, si udhaifu, ni ile nyumba imezimwa taa. Mi ilinikalia mwezi mzima wa Juni mwaka jana na nilisema nimechoka tu, nilikosea.

Turudi chumbani maana najua kuna wanaosoma hii yote wakingoja hapo. Sokoni kuna mchuuzi wa mizizi, ana kipaza sauti, anaahidi mambo. Nilisimama pale siku moja. Munganga aliniambia nisiguse, hakuna anayejua ndani kuna nini, na kama ndani kuna kitu kinachoamsha homoni kweli basi ninalipa kulisha kanseri baada ya watoto kulipa kuinyima. Vile vidonge vinavyojulikana, sildenafili, vinasaidia damu kufika pahali lakini hamu havileti, na mwenye dawa fulani za moyo vinaweza kumuua, kwa hiyo muulize munganga wako. Sisi tumefanya hivi: jioni, kabla ya kulala, nampaka bibi yangu mafuta ya mawese miguuni, ana magoti mabaya, na yeye ananipaka mgongoni. Mwanzoni ilikuwa kazi ya nyumbani kama kazi nyingine, nilikuwa nafikiria vipimo vya watu. Sijui ni siku gani ilibadilika. Siku moja alisafiri kwa dada yake usiku mbili na mikono yangu ikakosa kazi, nikapaka magoti yangu mwenyewe, haikufanana.

Halafu kuna kitu kilitokea ambacho sijamuambia mtu isipokuwa yeye. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, sindano yangu ilikuwa tarehe 20. Benki zimefungwa, barabara unazijua, dawa haipatikani, tumekaa ndani tunasikiliza. Nilichelewa wiki saba. Na kwenye wiki ya sita moto ukapungua wenyewe, na asubuhi moja nikaamka, mapema, jogoo bado, nikasikia mwili umeamka nao. Kidogo. Kama taa ya jirani kupitia ufa wa ubao. Nililala pale sisogei, nafurahi, jamani nilifurahi, nilitaka kumuamsha, na hapohapo nikaelewa maana yake ni nini, kwamba kama mimi nimekula basi na kanseri nayo imekula. Furaha na woga kwenye kitanda kimoja. Sikumuamsha. Sindano ilipopatikana nilienda mwenyewe, kwa miguu, kupanda na kushuka, na mara hii nilipoinua shati nilijua nalipia nini. PSA ya mwezi uliofuata ilitoka chini ya 0,1.

Wiki iliyopita alikuja mteja, mzee wa Bagira, mkubwa kwangu kidogo. Anataka suruali mbili, kiuno kimepanda, anasema ni bugali wa bibi mpya wa mtoto wake. Ninapompima akashika ukuta, paji la uso likajaa matone, akasema "malaria hii". Mvua inanyesha nje. Nikachukua kitenge changu kilicholowa pale kwenye kiti nikampa, nikaendelea kuandika namba. Akakiweka shingoni. Tumekaa hivyo dakika mbili tatu. Halafu akaangalia shati langu, ile mifuko, akaniangalia usoni, akauliza, "Fundi, hili la kwako ungenishonea kwa bei gani?" Nikamwambia la kwanza ni bure ila arudi Jumanne jioni, tukae, nitafunga duka mapema. Jumanne alirudi na bibi yake.

Bado sindano mbili. Baada ya hapo tutaona kama mwenye nyumba atawasha taa.

Kitu kimoja nilikuwa nimekiacha. Yale maneno ya radiatori sikuwahi kuyaombea msamaha, kila siku nasema kesho, unajua wanaume wa kwetu. Juzi saa tisa ya usiku moto ulikuja, mdogo, nikafungua dirisha, nikarudi nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasikia yuko macho.

"Mama, unisamehe kwa ile ya dirisha."

"Gani? Ya leo?"

"Hapana. Ile ya mbele ya shemeji."

Akanyamaza muda mrefu, nilifikiri amelala. Mtu alipita barabarani na redio.

"Ulisema Fuso," akasema. "Angalau ungesema Toyota." Halafu akavuta blanketi yake. "Funga basi hiyo dirisha, mi sasa nasikia baridi."